Fundi Aliyesalimia Magari kwa Nyuma

Ukiingia kwa Fundi na gari, usitarajie akutazame usoni. Yeye alianzia nyuma. Alichuchumaa, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia mchanga, akazitazama springi za kushoto, akahamia za kulia, akaguna. Ndipo aliposimama, akafuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko hiyo mikono, akasema, "Ejok?" Hapo nawe hukujua kama salamu ni yako au ni ya gari. Nilimjua miaka minane, na nina hakika kwamba miwili ya kwanza hakuijua sura yangu. Siku moja nilikutana naye sokoni Lodwar nikiwa kwa miguu, nikamwamkia, naye akanijibu kwa heshima kama mtu anayemjibu mgeni. Jioni nikamwendea na pikapu, akaniuliza mbona nimepotea siku nyingi.

Kwao sikukujua, wala sikuuliza. Wengine walisema ametoka Kenya, maana kwetu siku hizo mtu akivuka Marich kuelekea kusini tulisema ameenda Kenya. Wengine walisema amezaliwa hapa hapa, ila Kiturkana chake kimeharibiwa na magari. Yeye mwenyewe hakusaidia. Ukimuuliza habari za kwao, alikueleza gari la kwanza alilolifungua springi, lilikuwa la nani, na lilivunjikia wapi. Akimaliza alikuona umejibiwa vya kutosha.

Mimi nilimwendea kwa sababu nilikuwa na duka moja na pikapu moja, na kimoja kisingeweza kuishi bila kingine. Kambi ya Kakuma ilikuwa inajaa, na watu wakijaa wanataka kula. Nilichukua sukari na maharage Lodwar, nikayapeleka soko la Kakuma, dereva wangu Ebei akiendesha, mimi kando yake na mkoba mapajani. Pikapu ilikuwa ya kubeba magunia kumi. Malori yalibeba mia, na bei ya Kakuma ilifuata malori. Nilipiga hesabu yangu nikaona nikibeba kumi na manane nitasimama. Nikibeba chini ya hapo nitafunga duka, nirudi kuuza tumbaku kwenye baraza la mtu mwingine, kama nilivyoanza. Hayo ndiyo niliyomwambia Fundi siku ya kwanza, na sikumficha kitu.

"Kumi na nne," akasema.

"Fundi, nimesema kumi na nane."

"Nimesikia, mama. Kumi na nne."

Mazungumzo hayo tuliyarudia miaka mingi, maneno yale yale, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake atachoka kwanza.

Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa mji, upande wa barabara ya Kakuma. Kilikuwa na mabati mawili, nguzo za mkoma, na rundo la vyuma lililokuwa kubwa kuliko kibanda. Kwa asiyejua, springi ya nyuma ya gari la mzigo ni vyuma virefu vilivyolaliana, kirefu juu, kifupi chini, vyote vimepinda, vimefungwa pamoja kwa bolti katikati. Mzigo ukizidi, vinanyooka. Vikinyooka sana, gari linakaa chini na kila shimo linagonga mpaka kwenye meno. Ndiyo maana watu huongeza springi, yaani huchomeka chuma kingine kati ya vile vya zamani. Kusema ni rahisi hivyo. Kwa Fundi ilikuwa kazi ya siku mbili, na siku ya kwanza yote iliisha akichagua chuma.

Rundo lile lilitokana na magari yaliyokufa sehemu zote za Turkana, na kila chuma alikiita kwa jina la mahali kilipotoka. Kulikuwa na Lokori wawili, Lokiriama mmoja mrefu, na Kaaleng aliyekuwa na kutu lakini Fundi alimsifu kila siku. Alikining'iniza chuma kwa kamba, akakigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Kikilia vizuri alitikisa kichwa. Kikilia vibaya alikirudisha kwenye rundo, si kukitupa, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu. "Lokori ana ufa," alisema. "Huoni, lakini yeye anajua." Sisi wateja tulikaa hapo tukipigwa na jua, tukisubiri chuma kikubali.

Moto hakuutaka. Mafundi wengine walikitia chuma makaani, kikawa chekundu, wakakipinda dakika tano, wakachukua pesa zao. Fundi alikipinda kikiwa baridi, kwa nyundo, juu ya kipande cha ekseli alichokizika nusu ardhini, akigonga na kuhesabu, akigonga na kuhesabu. Alisema chuma kikionja moto kinasahau kazi. Nilipomwambia kwamba fundi mwenzake anamaliza kabla ya saa sita, alinijibu, "Na wewe utarudi kwake kabla ya mwezi kuisha." Alisema kweli kuhusu hilo, kama kuhusu mambo mengi, jambo lililokuwa likiniudhi.

Sasa nieleze ile kazi yake iliyochekesha mji. Akishafunga springi na kukaza bolti zote, hakuruhusu gari kuondoka mpaka lijaribiwe, na alilijaribu kwa watu. Alisimama barabarani akaita. "Njooni mkae." Akina mama waliokuwa wakisuka vikapu kando ya soko walimjua, wakabeba ukindu wao, wakapanda nyuma ya pikapu, wakaendelea kusuka. Wapita njia nao wakaja. Vijana wakaja kwa ajili ya chai, kwa maana kila aliyekaa alipewa chai, na chai hiyo ililipwa na mwenye gari. Fundi akachuchumaa nyuma, akaingiza vidole kati ya ekseli na kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isigonge juu. Aliyasoma yote kwa vidole. "Imeshuka vidole viwili," alisema. Kisha, "Ongeza watatu. Hapana, si huyo, huyo ni wa upepo. Lete yule mama mwenye shuka nyekundu."

Kulikuwa na wanawake wanne ambao walijulikana kama wazito wa Fundi, nao walijivunia. Mmoja aliugua, akakonda, na aliporudi Fundi akampandisha, akapima, akamtazama kwa huzuni ya kweli. "Mama, umeniharibia kazi," akamwambia. Yule mama alisimulia jambo hilo mwaka mzima.

Nilidhani anafanya hivyo kwa sababu hana mizani. Nikamhurumia. Nikampelekea mizani ya zamani ya dukani kwangu, ile ya kuning'iniza, nikamwonyesha jinsi atakavyopima magunia ya mchanga na kujua kilo kwa kilo. Alishukuru sana. Akaitundika mbele ya kibanda, akaning'iniza birika la chai. Kila nilipopita niliona chai ya Lodwar ikiwa kilo mbili na robo.

Wenye malori hawakuwa na subira hiyo. Palikuwa na tajiri mmoja Msomali, mtu wa heshima na wa haraka, ambaye lori lake lilikaa pale siku mbili likijaa wasuka vikapu. Siku ya tatu akaja mwenyewe. "Wallahi, Fundi, lori ni yangu, mzigo ni yangu. Wewe ongeza tu vyuma viwili, niende."

"Na barabara ni yako?" Fundi akauliza, akiwa bado chini ya gari.

"Barabara ni ya serikali."

"Basi lete serikali ikae nyuma, nione inashuka vidole ngapi."

Tajiri alicheka mpaka akaketi. Aliondoka na chuma kimoja badala ya viwili, na kila alipomsimulia mtu alidai yeye ndiye aliyeshinda ule ubishi.

Mtu mwenye msimamo namna hii, ungedhani mambo yake mwenyewe yamenyooka. Hapana. Fundi alikuwa na baiskeli, na siku moja aliona karia yake ni dhaifu. Akaiongezea chuma cha springi. Kisha akaona fremu inahitaji kusaidiwa, akaongeza kingine. Akaongeza cha tatu chini ya kiti, kwa usalama. Ilipokamilika, baiskeli ile ingeweza kubeba ng'ombe, ila hakuna binadamu aliyeweza kuikanyaga ikaenda. Tangu hapo aliikokota. Alikwenda nayo kila mahali, akiisukuma kwa mikono miwili huku jasho likimtoka, na ukimuuliza mbona hapandi, alisema leo ana haraka. Kitanda chake nacho kilizama katikati mpaka karibu na sakafu. Nilikiona siku alipougua malaria. Nilimwuliza fundi wa springi analalaje shimoni, akasema kile kitanda kimemzoea, na yeye hapendi kukisumbua.

Nilimpenda kwa mambo hayo, nasema wazi. Lakini mapenzi hayabebi magunia. Malori yaliongezeka, na kila mwezi nilimwendea Fundi kuomba kumi na manane, na kila mwezi nilipewa kumi na manne. Aliniambia springi anaweza kuzifanya zibebe hata ishirini, tatizo si springi. "Springi ikikataa kupinda, chesisi itapinda. Hii mimi siwezi kuongeza. Chesisi ni mgongo." Nilimwona mwoga. Mwisho nilimwambia Ebei tusiende tena kwa mzee huyu, atatufungia duka kwa vidole vyake. Tukapeleka pikapu kwa fundi mwingine kule Kakuma, kijana wa haraka, akawasha moto, akatia vyuma viwili vya lori kila upande, tukaondoka siku ile ile. Pikapu ikiwa tupu ilisimama matako juu, taa zikitazama chini. Ikijaa kumi na manane ilikaa sawa kabisa. Nilikuwa na furaha kwa majuma matatu.

Juma la nne, kwenye laga, yaani mto mkavu, kabla ya kufika Kakuma, tulishuka ule mteremko wa mchanga, tukasikia mlio mmoja mkubwa, na pikapu ikakatika mgongo nyuma tu ya kabini. Sanduku la nyuma lililala upande mmoja. Watu waliokuwa juu ya magunia walimwagika. Mama mmoja alivunjika mkono. Mtoto wake aliangukia mchanga laini, akasimama na kulia, na kile kilio ndicho kitu kitamu zaidi nilichowahi kusikia. Hakuna aliyekufa. Mpaka leo sijui kwa nini hakuna aliyekufa.

Lori lilituvuta mpaka Lodwar. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya Fundi, nikayapanga yote kichwani pamoja na majibu yangu. Hakusema hata moja ya hayo. Alizunguka gari, akachuchumaa, akalala chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka aliniuliza, "Juu kulikuwa na ngapi?"

"Kumi na manane," nikasema. Nilikuwa nimeamua kutodanganya.

"Mimi siulizi magunia, mama."

Nilimtazama Ebei, naye akanitazama mimi. Tulijua kila gunia, uzito wake, na nani atalinunua. Watu hatukuwahi kuwahesabu. Kwetu huwezi kumpita mtu kwenye jua lile. Anasimama, unasimama, anapanda juu ya magunia na mbuzi wake, mwingine anapanda na mtungi, mwingine ni binamu wa Ebei, mwingine anasema ni binamu wa Ebei. Hao si mzigo. Hao ni watu tu, wako juu. Nilikuwa nimesafiri na gari lile miaka kadhaa nikiamini linabeba magunia peke yake.

"Wewe ulileta mizani," Fundi akaniambia, na hakuwa akinisuta, alikuwa kama anayetafuta kifaa kilichoanguka. "Mizani inapima gunia. Mimi gunia sina shida nayo, haipandi njiani. Ile watu nakalisha hapa nyuma, si badala ya sukari. Ni wao. Ni wao wenyewe watapanda."

Niliona haya mpaka nikashindwa kunywa chai yake. Kwa miaka yote niliwacheka wale akina mama na vikapu vyao, na Fundi alikuwa akiwapima wao hasa, wao na dada zao na watoto wao. Siku iliyofuata nilikwenda kumtazama yule mama aliyevunjika mkono. Alinikaribisha vizuri, na akaniuliza kama gari langu limepona.

Chesisi ilichukua mwezi. Fundi alikata vile vyuma vinne vya kijana wa Kakuma, akavitupa. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitupa chuma. Akaiunga chesisi kwa bamba pande zote mbili, akafunga springi zake zile zile za zamani, akanipa sheria. Kumi na manne kama juu hakuna mtu. Kila watu wawili wakipanda, gunia moja linashuka. "Kwa haki ni gunia moja na nusu," alisema, "lakini ile nusu nakusamehe."

Duka halikufungwa. Niliwaachia malori sukari na maharage, nikaanza kupeleka vitunguu na nyanya, ambazo ukizichelewesha siku mbili zinaoza, na lori siku zote lilichelewa siku mbili. Tukawa tunahesabu watu. Ebei alihesabu kwa sauti kila mmoja alipopanda, na abiria wakaona tumerukwa na akili. Mzee mmoja alikataa kuhesabiwa, akasema yeye si mbuzi. Ilibidi tumhesabu kimoyomoyo.

Kisha Fundi akahama. Magari yalikuwa Kakuma, akayafuata, yeye na rundo lake, kwa safari nyingi ndogo, maana hakuruhusu gari lolote lizidishe. Huko alipata watu wapya wa kupimia magari. Vijana wa Sudan wakimbizi walipanda nyuma kwa furaha, warefu mpaka miguu yao ikaning'inia nje, na Fundi alilalamika kwamba wanashusha gari kidogo lakini wanamaliza nafasi. Walimpenda. Mmoja wao alimtengenezea benchi.

Mara ya mwisho nilimkuta mwishoni mwa miaka ya tisini, asubuhi, sokoni Kakuma, tukiwa tumeshapakia kurudi Lodwar. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha duka, na sikumtambua. Hapo nilikumbuka ile siku yeye hakunitambua mimi, nikataka kumtania, lakini nilipomkaribia utani ulinitoka. Alikuwa amekwisha. Mashavu yaliingia ndani, na shati lilikuwa limebaki lenyewe. Tumbo lilikuwa linamsumbua tangu mvua, akasema. Wamemwambia aende hospitali ya Lodwar, wakamwangalie na mashine. Alikuwa na wasiwasi, na Fundi hakuwa mtu wa wasiwasi.

Nilimwambia apande, kiti changu cha mbele ni chake. Hakupanda. Alikwenda nyuma ya gari kwanza, akishikilia ubavu wa pikapu, akajaribu kuchuchumaa, magoti yakakataa. Akasimama hapo akitazama kwa mbali.

"Juu kuna ngapi?"

"Watu kumi. Magunia tisa."

Akahesabu kwa vidole. "Mimi ni kumi na moja. Imezidi."

"Fundi, ni nusu gunia tu. Si ulinisamehe nusu?"

"Ile nusu ulishatumia," akasema. "Teremsha moja."

Yalikuwa magunia ya mahindi niliyonunua kambini, yaliyokwisha kupata mnunuzi Lodwar, na zamani ningebishana naye mpaka adhuhuri. Nilimwita Ebei tukateremsha gunia, nikalihifadhi dukani kwa jirani. Fundi alisubiri mpaka akaliona chini. Kiti cha mbele alikikataa, akasema mbele hasikii springi. Basi kijana mmoja wa Sudan akashuka, akamwinua kwa mikono miwili, akamweka juu ya magunia karibu na kabini, akakaa nyuma yake. "Egemea hapa, mzee," akamwambia. "Mimi nashika wewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma. Sijui kwa nini, lakini alipokuwa akipandishwa nilikuwa nimechuchumaa, na vidole vyangu vilikuwa kati ya ekseli na ule mpira. Nilingoja gari lishuke. Alikaa, akajisogeza, akatulia, na gari halikushuka. Nilibonyeza vidole vizuri zaidi, nikidhani nimekosea. Halikushuka hata kidogo.

"Mama," akaniita kutoka juu, sauti yake ndogo. "Imeshuka ngapi?"

Nilibaki pale chini kidogo, nikijifanya napima.

"Viwili, Fundi," nikasema. "Viwili kamili."

Kisha nikamsikia akimwambia yule kijana, kwa ile sauti yake ya kibandani, "Umesikia? Sasa ile gunia ingebaki hapa, tungefika kweli?" Nikajifuta mchanga magotini, nikapiga ubavu wa gari mara mbili, na Ebei akaondoa pikapu polepole.